Hakohoi, iweje iwe TB?

SWALI: Dada Muuguzi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 6. Tangu Ramadhani analalamikia mgongo, usiku anaamka analia. Tulidhani ni kule kuanguka mwembeni, mama mkwe akawa anamkanda kwa mafuta ya simsim. Sasa kimetokeza kinundu katikati ya mgongo, na hospitali wamesema ni TB ya mifupa. Mtoto hakohoi, na alichanjwa alipozaliwa. Wifi yangu anasema wamekosea, nisimpe dawa.
Mama Shabani, Bombo

JIBU: Marahaba, Mama Shabani. Dawa mpe. Wifi yako anaijua TB ya watu wazima. Kwa mtoto, vijidudu huingia kwa pumzi, kisha damu huvipeleka kwingine: tezi za shingo, tumbo, utando wa ubongo, pingili za mgongo. Pingili ikiliwa hubonyea, ndipo kinundu hutokeza. Weka kijiko chini umwambie aokote. Wengi wenye ugonjwa huu hawainami. Huchuchumaa, mgongo umenyooka. Ukiona neno Pott kwenye karatasi zake usishtuke, ni jina la daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1779.

Chanjo ya BCG, ile ya TB aliyochanjwa alipozaliwa, humkinga mtoto mdogo hasa na TB ya ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Haifungi kila mlango.

Kukanda kuishe leo, hata mama mkwe akinuna. Miguu ikilegea, au akianza kujikojolea, mkimbize hospitali siku hiyo hiyo.

Utasikia mtoto wa jirani alimaliza dawa kwa miezi 4. Ni kweli, muda huo ulijaribiwa hapa Uganda na nchi nyingine 3, lakini kwa TB isiyo kali. Ya mifupa kwa kawaida ni miezi 12, na maumivu huisha mapema kuliko ugonjwa, hapo ndipo wazazi wengi huacha. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa ni dawa tu. Vyombo vyake msivitenge. TB ya mgongo peke yake haiambukizi.

Sasa nikuulize mimi: nani hapo nyumbani anakohoa? Mtoto mara nyingi huipata kwa mtu mzima wa karibu. Awe babu, awe mpangaji, akapimwe makohozi. Na kama kuna mdogo wake Shabani, mpeleke naye: akikutwa hana TB, watampa dawa ya kumkinga.