Fundi, kompyuta yangu inanguruma

Wiki hii maswali yamekuja kwa mkupuo, na karibu yote ni ya kelele za kompyuta za mezani. Nimechagua sita. Ombi moja tu: ukiniandikia, nieleze kelele yenyewe ilivyo. Inavuma, inakoroma, inakwaruza, inagonga au inapiga mluzi? "Inapiga kelele" peke yake ni sawa na kwenda kwa daktari ukamwambia "naumwa", kisha ukanyamaza.

Shikamoo fundi. Nina stesheneri Mbagala. Kompyuta ya kuchapia inavuma kama jenereta, inaanza kama saa nne asubuhi hadi nafunga. Nimebadilishiwa feni ya prosesa, hakuna kilichopungua. Sasa ninunue feni gani?

Marahaba. Usinunue chochote kwanza. Feni inayovuma sana mara nyingi ni nzima kabisa, ila joto ndilo linaloikimbiza. Mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, hupima joto la prosesa, na likipanda huiamuru feni iongeze mwendo. Ukiweka feni mpya juu ya joto lilelile, nayo itavuma vilevile. Mwenyewe umeshanipa jibu uliposema saa nne: ndio muda jua linapoanza kulipiga bati la duka.

Hata hivyo tuhakikishe, maana ndani ya kasha (wengi mnaliita CPU, nimechoka kubishana) kuna wapiga kelele wengi. Subiri jioni, zima fotokopi, zima redio. Fungua ubavu wa kasha, washa. Tafuta kipande cha mpira wa maji, futi mbili zinatosha. Ncha moja weka sikioni, nyingine ipitishe karibu na kila feni bila kuigusa: ya prosesa, ya nyuma ya kasha, ya pawa saplai, na ya kadi ya grafiki kama ipo. Mafundi wa magari wanasikiliza injini hivyohivyo. Utashangaa mpira unavyokata kelele za pembeni. Feni uliyokuwa unaishuku inakuwa kimya, na ile ya jirani yake ndiyo inayopiga makelele.

Ukitaka uhakika zaidi, zima, chomoa waya wa feni ya nyuma, washa tena usikilize. Ya prosesa usiichomoe. Iguse kwa kidole pale katikati penye kibandiko, isimame sekunde mbili tatu, uiachie. Katikati, si kwenye mapanga. Pawa saplai usiingize kidole wala kijiti. Halafu bonyeza ubavu wa kasha kwa kiganja: mvumo ukikatika, hapo hakuna feni mbovu, ni bati linatetemeka kwa sababu skrubu imelegea au haipo.

Nikiweka dau, naweka kwenye vumbi. Stesheneri ina vumbi lake la pekee, la karatasi, jepesi na linashikana. Fungua feni iliyokaa juu ya prosesa utazame zile mbavu za alumini zilizo chini yake. Mashine moja ya duka kama lako nilipoitoa feni, vumbi lilibanduka zima kama kipande cha blanketi la kijivu, na pini mbili za stepla zimenasa humo. Feni ilikuwa inapuliza blanketi. Safisha kwa brashi laini ya rangi na blowa, lakini unapopuliza ishike feni isizunguke. Upepo wa blowa huizungusha kuliko ilivyotengenezewa na beringi huumia. Kama mashine ni ya mtumba na haijawahi kufunguliwa, pesti ya kupitishia joto iliyo kati ya prosesa na alumini huenda imekauka kama chokaa. Ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Msiipake kama siagi kwenye mkate.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja uone prosesa inatumika asilimia ngapi. Ikiwa hujafungua kitu na bado iko 90, kuna programu inakula nguvu kwa siri. Duka linalopokea flashi za kila mteja, mimi ningeanza na virusi.

Na kuhusu kuongeza feni, wengi huogopa bure. Feni ikizunguka kwa kasi mara mbili, kelele yake hupanda desibeli 15 hivi. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, zinaongezeka 3 tu. Mbili zinazotembea polepole ni tulivu kuliko moja inayokimbia.

Kaka, niko Lushoto. Kila asubuhi nikiwasha inakoroma kama mzee aliyelala chali, baada ya dakika kumi inanyamaza yenyewe. Niache?

Usiache, siku moja haitanyamaza, au itanyamaza kwa kuganda. Feni nyingi za bei nafuu hazina gololi. Mhimili wake unazunguka ndani ya bushi yenye mafuta. Miaka ikipita mafuta yanapungua, na baridi ya huko inayafanya yaliyobaki kuwa mazito. Mashine ikipata joto yanalainika, mkoromo unakwisha.

Ifungue feni, bandua kibandiko, tia tone moja la mafuta ya cherehani, rudishia kibandiko. Hapo umepata miezi kadhaa. Dawa ya kulegeza kutu haifai, inakauka upesi na kuondoka na mafuta yaliyokuwepo. Na nakuomba usitie mafuta ya nazi. Niliwahi kuletewa feni mwezi wa saba, haizunguki hata kwa kuisukuma. Kibandiko kilipotoka, ndani mweupee, kama mshumaa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. 

Ukinunua mpya, pima upande kwa rula: mara nyingi ni milimita 80, 92 au 120. Hesabu pini za plagi, na hakikisha ni ya volti 12. Kama ni Dell au HP za ofisini, angalia sana, baadhi zina plagi za kwao wenyewe. Feni ya dukani inaweza kuzunguka vizuri kabisa na bado kila ukiwasha skrini ikakulalamikia kwamba feni ni mbovu. Afadhali utafute ya mashine ya aina hiyohiyo iliyokufa.

Fundi, mimi ni mwanafunzi Dodoma. Kompyuta inagonga tik, tik, tik, kisha inakwama. Tasnifu yangu yote imo humo.

Zima kwanza, ndipo usome.

Umezima? Haya. Fungua ubavu, mulika kwa tochi: kuna waya unaogusa mapanga ya feni? Huo nao hugonga tik tik, lakini kugonga kwake hufuata mwendo wa feni, na kompyuta haikwami. Ukiukuta, ufunge pembeni ushukuru. Mashine inayokwama wakati inagonga, hiyo ni hadi diski (hard disk), inayotunza mafaili yako. Kichwa cha kusomea kinatafuta njia yake, kinakosa, kinarudi, kinajaribu tena. Ndani humo sahani inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kinaelea juu yake kwa umbali usiofika nanomita 10. Chembe ya vumbi ni mlima. Kwa hiyo usiifungue, na usiiweke kwenye friji hata kama rafiki anaapa ilimsaidia.

Andaa diski ya nje au flashi kabla hujawasha. Ukiwasha, nakili tasnifu, data na picha za utafiti, kwa mpangilio huo. Muziki na filamu ziache zife. Usianze kuikagua wala kuiskani kwanza, kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Ikikataa kabisa kusomeka, isimamishe hapo umtafute mtu wa kuokoa data, usiiwashe mara hamsini kwa matumaini. Ukishatoka salama, nunua SSD, diski ya chipu tupu. Haina kinachozunguka, hivyo haina cha kugonga. Inaweza kufa pia, ila hufa kimya, kwa hiyo nakala ya pili iwepo.

Mambo fundi, niko Nairobi. Nikicheza gemu kuna kasauti kembamba kama mbu. Feni zote ni mpya.

Si feni. Ni koili za kadi ya grafiki, au za pawa saplai, zinatetemeka umeme unapopita kwa wingi. Dalili yake: sauti hubadilika papo hapo picha inapobadilika, na mara nyingi huwa kali zaidi kwenye menyu, ambako kadi inachora picha mamia kwa sekunde bila sababu. Weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde kwenye mipangilio, itapungua. Haiharibu kitu. Inaudhi tu.

Kompyuta yangu inalia pi, pi, pi hata nikiwa nimeizima na kuichomoa! Ina nini?

Haina kitu. Inama chini ya meza uangalie UPS, lile boksi la kushikilia umeme ukikatika. Betri yake imechoka.

Fundi, habari za huko. Hapa Mwanza kelele inatoka kwenye pawa saplai, inakwaruza. Naweza kuifungua nitie mafuta?

Salama. Hapana. Ndani yake kuna kapasita kubwa. Umeme wetu wa volti 230 ukigeuzwa humo unafika kama 325, na kapasita inaweza kubaki nao hata baada ya kuchomoa waya wa ukutani. Ikiwa feni yake imechoka, badilisha pawa saplai nzima. Ukisikia harufu ya kuungua, hata kesho usiingoje.

Ila kabla ya kutoa pesa, chomoa waya, mulika tochi kupitia matundu ya nyuma. Niliwahi kuletewa moja "inayotatarika", mwenyewe kashanunua nyingine. Kumulika, naona mkia wa mjusi, mapanga ya feni yameuegemea. Mjusi alikuwa amekufa zamani, amekauka kama dagaa. Alifuata joto, na mlango aliachiwa: nyuma ya kasha kibati kimoja cha kuzibia nafasi ya kadi hakikuwepo. Angalia chako. Kama kuna pengo, chomoa kibati kwenye kasha lolote bovu ufunge, na matundu ya feni uyaache wazi.