Usiende Coco Beach kutafuta mwezi

Mwaka wa kwanza nilipoamua kuutafuta mwezi wa Ramadhani na Idi mwenyewe badala ya kusubiri redio, nilienda Coco Beach na washkaji, tukakodolea bahari mpaka giza likaingia. Mzee mmoja muuza mihogo akatuuliza tunatafuta nini, tukamwambia, akacheka kweli. "Wanangu, mwezi mchanga unaonekana jua linakozamia, huku ni mashariki!"

Kwa hiyo kama uko Dar panda ghorofa lolote lenye uwazi wa magharibi, wa Unguja kaeni zenu Forodhani. Subiri jua lizame kabisa ndo uangalie palepale, juu kidogo. Huku kwetu karibu na ikweta mwezi mchanga unalala kama mtumbwi, pengine umeinama kidogo, hausimami wima kama wa kwenye bendera. Na kabla hujatoka cheki kwenye simu jua linazama saa ngapi na mwezi saa ngapi, mwezi ukitangulia kuzama usijisumbue na ngazi, kaa ule futari yako.

Hapo ndo naambiwa, "Mtume (s.a.w.) kasema fungeni kwa kuuona, we unaleta mahesabu." Sawa, hata mi nafunga kwa kuonekana, na ukizibwa na mawingu tunakamilisha siku 30. Hesabu naitumia kumpima shahidi tu, na hilo silo langu, Taqi al-Din al-Subki, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi wa karne ya 14, alishasema ushahidi wa kuona kitu ambacho kihesabu hakiwezekani haupokelewi. Na sisi wa pwani wengi si Mashafi?

Chukua tarehe 8 Aprili 2024. Waliofunga na Saudia walikuwa na siku 29 za Ramadhani, na baada ya magharibi kwenye grupu letu ikaingia picha ya mwezi mwembamba, eti umeandama, watu washaanza takbira. Wakati usiku uleule kwa saa zetu jua lilikuwa linapatwa Marekani, na jua halipatwi mpaka mwezi upite kati yake na sisi, maana yake mwezi mpya ulizaliwa saa tatu na ushee usiku, sasa huo wa magharibi waliuona wapi? Nikaandika hivyo, nikaitwa profesa. Saudia wenyewe wakakamilisha 30, Idi ikawa Jumatano tarehe 10, na huku kwetu vilevile, na aliyetuma ile picha akaifuta kimyakimya.