Mteja anasifu bidhaa lakini hanunui: angalia wakati kabla ya kugusa bei

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba duka lako la pembejeo hapo Masasi hupata wateja wanaouliza, wanaosifu bidhaa na kuahidi kurudi, lakini wengi hawaonekani tena, na wachangiaji waliotangulia wamekushauri ushushe bei. Mimi pia nauza pembejeo, Newala, na ushauri wangu ni kwamba kwanza uchunguze mteja wako anakuwa na fedha lini, na ni kitu gani kinachomzuia kutekeleza jambo ambalo ameshaliamua.

Kwa mkulima wa korosho, minada huanza Oktoba, ilhali kupulizia dawa mikorosho huanza Mei au Juni. Katikati hapo kuna ada za shule za Januari, mabati, wagonjwa, sherehe na madeni ya dukani. Mkulima anayeahidi mwezi wa Desemba kwamba atanunua bomba la kupulizia mwezi wa tano anasema kweli kabisa. Ukifika mwezi huo nia anayo, fedha hana.

Jambo hili lilipimwa magharibi mwa Kenya na wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ambao utafiti wao ulichapishwa mwaka 2011. Wakulima walipewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno na kufikishiwa nyumbani bila gharama ya usafirishaji. Punguzo hilo dogo la muda mfupi liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinacholingana na punguzo kubwa zaidi la bei lililotolewa baadaye, karibu na wakati wa kuitumia. Ukiwa mfanyabiashara, tafakari vizuri tokeo hilo kabla ya kukata faida yako.

Dukani kwangu utaratibu ni huu. Malipo ya korosho yanapoanza kuingia benki, mzee akija kuangalia bomba namwamkia, namuuliza ana mikorosho mingapi, kisha namwambia, "Mzee wangu, ukilipia leo nitakutunzia mpaka utakapolihitaji, au nitakuletea kijijini gari likienda huko." Akilipa, naandika jina lake kwa makapeni juu ya boksi mbele ya macho yake, nampa risiti, na boksi linakaa kwenye rafu ya vitu vilivyolipiwa. Namwambia pia kwamba akipata dharura atarudishiwa fedha yake yote. Wanaozidai ni wachache mno. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha, na nadhani bomba lenye jina lako ni mali ambayo tayari unaona uchungu kuiachia.

Uchungu huo wa hasara unaweza pia kutumiwa vibaya, nami nalipinga hilo kwa nguvu zote. Kumweleza mkulima kwamba ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia maua ya mikorosho, na kwamba ua lililoharibika halitoi korosho, ni kumpa taarifa ya kweli. Kumwambia kwamba limebaki bomba moja wakati stoo imejaa ni kumwibia uamuzi wake.

Kuhusu wazo la mchangiaji mmoja kwamba upunguze aina za bidhaa, utafiti maarufu wa mwaka 2000 wa Sheena Iyengar na Mark Lepper uliona wateja wakinunua zaidi walipoonyeshwa aina 6 za jemu kuliko 24, lakini uchambuzi wa tafiti nyingi zilizofuata ulikuta kwamba kwa wastani athari hiyo inakaribia sifuri. Usiondoe bidhaa kwa sababu hiyo peke yake.

Anza Oktoba hii na bidhaa moja tu, na uwe na daftari la kuandika walioelezwa utaratibu huo, waliolipia, na waliosema watarudi. Anayekataa muulize sababu kwa upole na uiandike kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu huenda kikwazo cha wateja wa Masasi ni usafiri, au hawana imani kwamba bomba watalikuta, na kila kikwazo kina dawa yake.