Mtori wa ndici

Mmeuliza wiki hii ni kidokezo gani cha fumbo la maneno kilichowahi kututoa jasho. Changu hiki hapa: "Maradhi ya akili, herufi 6."

Nilikuwa mezani kwangu Kiboriloni, hapa Moshi, ninakouza mitumba. Wateja hakuna. Nikaandika KICHAA kwa kalamu ya wino, tena kwa mbwembwe.

Maneno ya namna hii ni mtego, maana tunayo mengi na yanalingana urefu. Chizi na mwehu, herufi 5. Punguani na majinuni, herufi 8, na yote mawili yanaishia na "ni", kwa hiyo hata ukishika herufi mbili za mwisho bado uko gizani. Arthur Wynne, aliyetunga fumbo la kwanza la aina hii katika gazeti la New York World, Desemba 21, 1913, alikuwa na Kiingereza chake ambacho maneno hukatikia popote. Sisi karibu kila neno linaishia kwa irabu.

Sasa, pale sokoni yupo mzee anayevaa koti zito mwezi wa Januari, jua likiwaka, mwavuli kwapani. Vijana humwita chizi. Mimi nasema ana vituko tu, na vituko si ugonjwa. (Kuna mtunzi aliwahi kuandika "Wa Mirembe" akitaka tujaze kichaa. Niliviacha vyumba vitupu. Ile ni hospitali kule Dodoma, watu wanatibiwa.)

Siku hiyo akaja kusimama nyuma yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Kidole chake kikatua kwenye neno linaloshuka chini, lililokatiza kichaa changu. Kidokezo chake: "Bila hizi hakuna mtori." Mimi, kwa ile C, nilikuwa nimepata NDICI, nikajisemea labda ni aina fulani ya huko Rombo.

"Binti, mtori wa ndici unapikwa wapi?"

Wazimu! Z ya ndizi ndiyo Z ya wazimu. Na balaa lenyewe, kichaa na wazimu hazilingani hata herufi moja mahali pamoja, ikabidi nikandamize wino juu ya wino vyumba vyote 6. Kwenye M karatasi ikatoboka.

Babu akachagua shati, akanishusha bei kwa shilingi 1,000, akahesabu chenji yake mara mbili na kuondoka na mwavuli wake.