Mchoro mmoja hauthibitishi kwamba mtoto ana tatizo

Je, mtoto wa miaka 5 anayechora watu wasio na mikono na kupaka kila kitu rangi nyeusi ana msongo wa mawazo au uelewa mdogo? Mchoro peke yake hautoshi kuthibitisha hilo. Kipimo cha kuchora mtu, ambacho hukadiria akili ya mtoto kwa mtu anayemchora, kilichoanzishwa na mwanasaikolojia Florence Goodenough wa Marekani mwaka 1926 na kurekebishwa na Dale Harris mwaka 1963, huhesabu viungo, mavazi na uwiano wake, si uzuri wa picha, na alama zake huoana na vipimo vingine vya akili kwa kiasi tu. Kwa upande wa hisia ushahidi ni dhaifu zaidi, kwa kuwa wataalamu wawili huweza kuusoma mchoro uleule kwa namna tofauti kabisa. Ninafundisha darasa la awali hapa Kasulu, ambako watoto wengi hushika penseli kwa mara ya kwanza shuleni baada ya kuzoea kuchora mchangani kwa kijiti, na mara nyingi rangi nyeusi ndiyo pekee iliyobaki kwenye boksi, jambo ambalo kwa maoni yangu linapaswa kuangaliwa kabla ya lingine lolote. Mwombe mtoto akusimulie alichochora, umsikilize bila kumwongoza. Lakini ukiona pia amepoteza hamu ya kula, anashtuka usingizini au amejitenga na wenzake, usisubiri mchoro mwingine, mpeleke kwa afisa ustawi wa jamii.