Herufi tano, A na I zimo, mwisho N

Ugonile mwalimu. Kama klabu yako ya Kiingereza hapo Tukuyu imekwama kwenye mchezo wa kukisia neno, na neno lenyewe ni la herufi tano lenye A na I, linaloishia N, na R, S, T zimeshaondolewa kuwa hazimo, chora vistari vitano ubaoni: _ _ _ _ N. Jaza AI nafasi ya tatu na ya nne, maana Kiingereza hupenda kuziweka pamoja. Zinabaki nafasi mbili za mwanzo: CH inatoa chain, PL inatoa plain. Train, brain na stain usihangaike nazo, zina herufi zilizoondolewa.

Linalowapiga chenga wengi ni again. Kwanza A imerudiwa, na watu hudhani kila herufi hutumika mara moja. Pili, sikio la Kiswahili linasikia “ageni”, mtoto anaanza kutafuta E.

AI ikigoma, zitenganishe: A ya pili, I ya nne, unapata cabin. I ikitangulia A ya mwisho, kuna avian, linalohusu ndege wa manyoya, si eropleni. Spain usiandike hata S ikirudi. Majina ya nchi hayakubaliwi.