Kabla hujasoma barua ya Kampuni, tazama tarehe

Wewe unayeanza kusoma barua za Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, ile iliyofanya biashara Asia enzi za meli za tanga, iwe kwa tasnifu au umepewa kazi ya kuziorodhesha, usikimbilie maneno. Anza na tarehe.

Mimi sikuanza nayo. Mwaka wangu wa kwanza nilizipanga barua za Bombay kwa tarehe kama zilivyoandikwa, nikatunga sura nzima kuhusu ugomvi ambao, kwa mpangilio wangu, jibu lilitangulia swali. Msimamizi akasoma kurasa tatu, akaniuliza, "Mwaka wao ulianza lini?" Nikabaki kimya. Kumbe hadi 1751 Waingereza walihesabu mwaka mpya kuanzia 25 Machi, kwa hiyo barua ya 10 Februari 1730 kwetu sisi ni ya 1731. Wapo waliojali wakaandika miaka yote miwili, 1730/31. Mungu awarehemu. Halafu mwaka 1752 wakabadilisha kalenda: walilala tarehe 2 Septemba, wakaamka tarehe 14. Waholanzi wa Amsterdam walikuwa wameshabadilisha tangu 1583, basi ukilinganisha na barua za kampuni yao za kabla ya 1752, kumbuka tofauti ya siku: kumi hadi Februari 1700, kumi na moja baada ya hapo.

Tarehe ikishakaa sawa, jiulize: siku ile mwandishi alikuwa anajua nini? Meli kutoka London hadi India ilitumia miezi sita au zaidi, tena kwa kungoja kusi na kaskazi kama jahazi zetu. Swali na jibu lake huweza kupishana mwaka na nusu, hata miwili. Wafaransa waliiteka Madras, mji wa Kampuni huko India (leo Chennai), Septemba 1746, na kwa miezi kadhaa wakurugenzi wa Kampuni London hawakuwa na njia yoyote ya kujua. Amri waliyoiandikia Madras katika kipindi hicho ilikwenda kwenye mji ambao haukuwa tena mkononi mwao. Mwanafunzi asiyejua hilo huwaona wajinga.

Jingine lililonitoa jasho ni nakala. Meli huzama, meli hutekwa, hivyo barua moja ilinakiliwa mara mbili au tatu na kila nakala ikapanda meli yake. Nimewahi kuhesabu barua mbili mahali palipokuwa na moja. Tazama jina la meli, kisha linganisha aya ya kwanza na ya mwisho.

Aya zenyewe zina namba, na jibu hufuata namba za barua inayojibiwa. Ukikuta aya inasema tu kwamba sababu zilizotolewa haziridhishi, usihangaike kuifasiri peke yake. Fungua barua iliyotangulia, ziweke mbili mezani, usome aya kwa aya. Ni kazi ya polepole, ila ndiyo kazi yenyewe. Wala usidanganywe na mwisho wa barua: wakurugenzi wangeweza kuwakaripia watu wao kurasa ishirini, kisha wakatia sahihi kama "rafiki zenu wapenzi". Ni desturi tu ya ofisi.

Maneno nayo yana mitego. "Factory" si kiwanda, ni kituo cha biashara chenye maghala na makazi ya mawakala. "Writer" ni karani wa daraja la chini, kijana wa mshahara wa pauni 5 kwa mwaka, na mwandiko unaokuumiza macho huenda ni wake. Herufi inayofanana na f katikati ya neno mara nyingi ni s.

Kama huna nauli ya London, zilikohifadhiwa barua zenyewe, anza na kumbukumbu za vituo vya Kampuni vya Ghuba ya Uajemi, yaani Basra, Bushehr na Bandar Abbas. Nyingi zimewekwa bure kwenye Maktaba ya Kidijitali ya Qatar. Tafuta kwa majina yao, si yetu: Bandar Abbas waliiita Gombroon. Na ukitaka kisiwa cha Nzwani huko Komoro, ambako meli zao zilitia nanga kuchukua maji na chakula, andika Johanna.